Flisi na Merikani: Jina la Kitambaa na Mkono wa Mnunuzi

Flisi, katika lugha ya Kiingereza neno hili lilikotoka, lilikuwa kwa karne nyingi jina la manyoya ya kondoo, yaani vazi zima la mnyama kama linavyoanguka chini ya mkasi wa mkata manyoya. Leo neno hilo ni jina la kitambaa ambacho hakikumwona kondoo hata kwa mbali. Nyuzi zake ni za poliesta, mali itokanayo na mafuta ya petroli, iliyovumbuliwa mwaka 1941 na wanakemia wawili wa Uingereza, Whinfield na Dickson, walipokuwa watumishi wa kampuni ya wapiga chapa vitambaa ya Manchester. Kitambaa chenyewe ni chepesi, chashika joto, chakauka upesi, wala hakichuruziki nyuzi kikikatwa. Na kwa sababu hizo mafundi cherehani wa nchi za baridi wamekipenda. Walakini anayeingia dukani kukinunua hukuta tatizo. Majora yamesimama ubavu kwa ubavu, yote yana jina moja, yote ni laini kwa kidole kinachoyagusa mara ya kwanza, na bei zake zapishana sana. Akichagua vibaya hatajua siku ile. Atajua baada ya kufua mara tatu nne, vazi litakapoota vitonge kifuani na viwiko kuonekana vyeupe kwa wembamba, na hapo kazi yote ya kupima, kukata na kushona itakuwa imekwisha kufanywa bure.

Ili kufahamu kwa nini jina la kitambaa hiki halimfai mnunuzi, inafaa kuanza na kitambaa kingine kilichotangulia. Nacho kilitoka katika jimbo lile lile la Marekani lililozaa flisi, yaani Massachusetts, na watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikifahamu vema mno, hata wakakipa jina la nchi yake: merikani.

Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa bandari ya Salem, alifika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa nchi hiyo. Jahazi za Salem zilikuja kutafuta pembe, sandarusi na ngozi, na zilichokuja nacho hasa kilikuwa nguo za pamba kutoka viwanda vipya vya Massachusetts. Merikani haikuwa nguo ya fahari. Haikupaushwa, rangi yake ilikuwa kama ya maziwa yaliyolala. Sifa yake ilikuwa moja: nyuzi za mtande na za mshindio zilikuwa nene na zimebanana, na nguo ilivumilia jua, jasho na kufuliwa. Ilipimwa kwa mkono wa binadamu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ikawa shuka, na shuka mbili zikawa doti. Misafara ilipoingia bara ilibeba doti hizo kulipia posho na hongo, kama Burton na Speke walivyofanya walipotoka pwani mwaka 1857. Mahali ambapo nguo ni fedha, nguo mbovu ni fedha mbovu, na kila mzee wa njiani aliyepokea hongo alikuwa mkaguzi wa fedha hiyo.

Wenye viwanda wa Manchester waliona faida ile, nao wakajaribu kufuma nguo ya kufanana na merikani. Kuiga sura hakukuwa kazi ngumu. Kulikuwa na hila iliyojulikana sana katika biashara ya pamba ya karne ile, nayo ni kuilisha nguo dondo, yaani wanga, pengine pamoja na udongo mweupe, ili nguo yenye nyuzi chache iwe nzito na ngumu kama yenye nyuzi nyingi. Nguo ya namna hiyo hupendeza ikiwa jora. Ikisuguliwa kati ya viganja hutoa vumbi, na ikilowekwa maji hulegea ikabaki wavu. Kwa muda mrefu wanunuzi wa pwani na bara waliishikilia ile ya Marekani, na wageni wengi walioandika habari za biashara ya Unguja walistaajabia jinsi watu waliodhaniwa kuwa hawajui kitu walivyozijua tofauti ndogo za nguo na kukataa isiyowafaa. Mshangao huo wasema mengi juu ya wageni wenyewe.

Kilichoiangusha merikani ya Massachusetts ni vita. Kati ya mwaka 1861 na 1865 Marekani ilipigana yenyewe kwa yenyewe, pamba ya kusini ikazuiliwa, na shehena zilizokuja Unguja zikapungua mno. Nguo za Uingereza na za Bara Hindi zilipata nafasi. Baada ya vita Wamarekani walirudi, lakini viwanda vya Bombay, ambavyo cha kwanza kilianzishwa katika miaka ya 1850, vilikuwa vimekua na vilikuwa karibu zaidi. Kabla ya karne kwisha soko lilikuwa lao. Jina, hata hivyo, halikuhama: nguo iliyofumwa Bombay iliendelea kuitwa merikani, na neno lililokuwa jina la nchi likawa jina la aina. Tangu hapo aliyesema anataka merikani hakuwa ametaja ubora wowote, na ilimpasa aikague nguo kwa mkono na jicho.

Flisi ilifuata njia hiyo hiyo karne moja baadaye, na ilianza kando ya mto Merrimack, kaskazini mwa Massachusetts. Kwenye kingo za mto huo matajiri wa Boston walijenga mji wa Lowell katika miaka ya 1820 na mji wa Lawrence katika miaka ya 1840, ili maporomoko ya maji yaendeshe mashine za kufuma. Lawrence ulikuwa hasa mji wa sufi. Mwezi Januari 1912 wafanyakazi wake, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya, waligoma kwa sababu saa za kazi zilipunguzwa kutoka 56 hadi 54 kwa juma na mishahara ikapunguzwa pamoja nazo. Walishinda. Lakini katika miongo iliyofuata wenye viwanda, mmoja baada ya mwingine, walihamia majimbo ya kusini walikopata wafanyakazi wa ujira mdogo, wakaacha majengo marefu ya matofali yasiyo na mtu.

Malden Mills ilikwenda kinyume cha msafara huo. Kampuni hiyo ya ukoo wa Feuerstein, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihamia Lawrence katika miaka ya 1950, wakati wengine walipokuwa wakitoka. Ilitengeneza manyoya ya bandia kwa makoti ya mitindo, na mtindo ulipopita, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilifilisika na ikabidi iombe ulinzi wa mahakama. Waliookoa kazi yake walikuwa wapanda milima. Kampuni ya Patagonia ya California ilikuwa imeanza kushona makoti ya kitambaa cha manyoya ya poliesta, kwa kuwaiga wavuvi wa bahari ya kaskazini ambao walivaa sweta za aina hiyo. Makoti yale yalikuwa na joto, lakini yalikuwa na aibu moja: yaliota vitonge. Kampuni hizo mbili zilifanya kazi pamoja kwa miaka kadhaa kuiondoa aibu hiyo, na mwaka 1985 Patagonia ilitoa kitambaa kilichopewa jina la Synchilla, laini pande zote mbili na kisichoota vitonge. Kwa hiyo ubora wa flisi, tangu kuzaliwa kwake, ulipimwa kwa vitonge.

Siri ya jambo hili imo katika namna kitambaa kinavyotengenezwa, na mnunuzi akiielewa hahitaji maneno ya muuzaji. Flisi haina mtande wala mshindio. Hufumwa kwa vitanzi, kama sweta, ikiwa na uzi wa msingi unaoshikilia na uzi wa juu unaojaza. Kisha hupitishwa kwenye magurudumu yenye meno ya waya yanayovivuta vitanzi vya juu na kuvikatakata mpaka vinasimama kama malaika ya mwilini. Halafu visu huyanyoa malaika hayo yawe na kimo kimoja, na moto huvifanya vyote vitulie. Joto la flisi ni hewa iliyonaswa kati ya malaika hayo. Nyuzi fupi na zisizoshikwa imara na msingi hujinyonganyonga zikisuguliwa, zikafungamana kuwa vitonge. Na kwa kuwa poliesta ni ngumu kukatika, kitonge hakidondoki kama cha sufi bali hung'ang'ania. Mfumaji anayetaka bei ndogo hupunguza uzi wa msingi, hufanya vitanzi vilegee, kisha huongeza kuvuta kwa waya ili kitambaa kionekane kimejaa. Hili ndilo dondo la zama zetu.

Ndiyo sababu fundi mwenye uzoefu hakishiki kitambaa kwa kukipapasa tu, maana ulaini ndio unaoigika kwa urahisi kuliko vyote. Husugua uso kwa uso kwa nguvu, kisha hutazama kama malaika yamebaki yamesimama au yameanza kujikusanya. Hukivuta kwa upana: msingi ukionekana kama kichwa chenye upara, nyuzi ni chache, kikiachiwa kisirudi mahali pake, magoti na viwiko vya vazi vitavimba. Hukiinua kwenye mwanga, kwa kuwa mabaka ya mwanga na giza huonyesha unyoaji usio sawa. Huuliza uzito wake kwa mita ya mraba, kwani gramu 100 hufaa shati la ndani, 200 hufaa sweta, na 300 hufaa koti, na flisi nene iliyo nyepesi mno ina hewa zaidi kuliko uzi. Huangalia pia upande wa nyuma, maana flisi nyingi hutengenezwa vizuri upande mmoja tu, na aliyekusudia kushona vazi lisilo na bitana atajuta. Pasi ya moto haikaribishwi kabisa, poliesta huyeyuka.

Maarifa hayo yote yasingehitajika sana kama flisi ingebaki mali ya mtu mmoja. Lakini Malden Mills haikukiwekea kitambaa chake hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiige, na katika muda mfupi flisi ilifumwa katika viwanda vingi vya dunia, mizuri na mibaya. Maskini na tajiri walipata vazi la joto, na hilo si jambo dogo. Kampuni yenyewe ilibaki na jina moja la kulinda, Polartec, huku neno flisi likiwa la kila mtu.

Usiku wa tarehe 11 Desemba 1995 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda hicho na kuwajeruhi watu zaidi ya 30. Siku hiyo Aaron Feuerstein, mjukuu wa mwanzilishi, alikuwa ametimiza miaka 70. Angeweza kupokea fedha za bima na kustaafu, au kujenga upya katika nchi ya ujira mdogo. Alitangaza kwamba atajenga pale pale, na kwa miezi iliyofuata aliwalipa mishahara watu wake, wapatao 3,000, ilhali mashine nyingi zilikuwa majivu. Marekani nzima ilimsifu. Kiwanda kipya kilisimama, lakini kilisimama juu ya mikopo, na madukani flisi ya bei ndogo kutoka ng'ambo ilikuwa ikingoja. Mwezi Novemba 2001 kampuni ilifilisika tena, na Feuerstein akapoteza mamlaka juu yake. Wako wasemao kuwa wema ndio uliomwangusha. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, kwa kuwa inawasahau mamilioni ya wanunuzi waliochagua kwa bei, wakidhani kwamba jina moja lina kitambaa kimoja. Mwaka 2007 kampuni ilifilisika mara nyingine ikauzwa, na mwishoni mwa 2015 wenye mali wapya walitangaza kwamba kazi itaondoka Lawrence. Feuerstein alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 95.

Tangu mwaka 1993 flisi imefumwa pia kwa poliesta iliyotokana na chupa za plastiki zilizotumika, jambo lililopokewa kwa shangwe. Shangwe ilipungua mwaka 2011, wataalamu walipoonyesha kuwa vazi moja la poliesta laweza kumwaga nyuzi ndogo zaidi ya 1,900 katika ufuaji mmoja, nazo huishia baharini. Nyuzi zisizoshikwa imara, ambazo fundi huzitafuta kwa kusugua ili aepuke vitonge, zimepata shtaka la pili.

Katika miji ya baridi ya Afrika Mashariki, kama Limuru na Njombe, flisi huwafikia wengi ikiwa mtumba, ndani ya belo zilizofungwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mnunuzi wa hapo ana bahati asiyokuwa nayo yule wa duka la majora: koti lililo mbele yake limekwisha kufuliwa mara nyingi na mtu mwingine, na lililotaka kuota vitonge limekwisha kuota. Hugeuza kwapa nje, huvuta kiwiko, hupitisha kiganja kifuani kinyume cha malaika, kisha huanza kuulizana bei na muuzaji.