Kifafa na Dawa Inayokatika: Hoja Dhidi ya Kuilaumu Imani

Katika maandishi mengi kuhusu kifafa Afrika Mashariki, imani ndiyo hubebeshwa lawama. Mgonjwa hafiki hospitali, tunaelezwa, kwa kuwa jamaa zake wanaamini ana pepo au amerogwa. Basi dawa ya kwanza ni elimu. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanaanza katikati ya kisa. Hoja ya makala haya ni kwamba kinachowatenga wagonjwa wengi na tiba ni huduma isiyotegemeka, hasa dawa kukatika, na kwamba kwa kawaida imani hubadilika baada ya watu kuona tiba ikifanya kazi, si kabla.

Uzito wa tatizo haubishaniwi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini robo tatu hivi hawapati tiba wanayohitaji. Ugonjwa wenye dawa ya bei nafuu na pengo kubwa kiasi hicho unadai maelezo mazito kuliko ujinga wa wanakijiji.

Tuanze na ubongo wenyewe. Seli za neva hupashana habari kwa umeme hafifu na kwa kemikali, nyingine zikichochea na nyingine zikituliza. Mizani hiyo ikiyumba, kundi la seli hulipuka kwa pamoja, na mtu huanguka, hukakamaa au huduwaa kwa muda. Fenobabitali, dawa ambayo daktari Alfred Hauptmann alieleza mwaka 1912 kuwa inapunguza kifafa, huipa nguvu GABA, kemikali kuu ya kutuliza ubongoni. Dawa hii hukaa mwilini siku kadhaa, ndiyo maana dozi moja kwa siku hutosha. Lakini ubongo huizoea. Ikiondolewa ghafla, kifafa hurudi kwa kishindo, na mgonjwa anaweza kushikwa mfululizo bila kuzinduka katikati, hali inayoua. Kwa hiyo dawa inayopatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao haiwezi kuitwa nusu ya tiba. Inaongeza hatari mpya juu ya ugonjwa.

Mahenge, katika milima ya Ulanga mkoani Morogoro, Tanzania, panatupa ushahidi wa miongo mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwakuta huko wagonjwa wengi wa kifafa wakiishi kwa kutengwa, wakila katika vyombo vyao wenyewe, wengi wakiwa na makovu ya moto. Makovu hayo yalikuwa na sababu. Watu waliogopa kwamba povu au mkojo wa anayeanguka huambukiza, hivyo mgonjwa aliyeangukia mekoni hakuguswa upesi. Jilek-Aall alianzisha kliniki iliyotegemea zaidi fenobabitali. Hakusubiri jamii iache kwanza hofu zake. Alitibu, na wagonjwa walizidi kujitokeza jirani zao walipoona waliokuwa wakianguka sasa wanalima.

Sura ya pili ya Mahenge ni chungu. Mwaka 1992, Jilek-Aall na mwenzake Rwiza walichapisha taarifa ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 30. Dawa iliwasaidia wengi, lakini zaidi ya nusu ya kundi walikuwa wamekwisha kufa, na miongoni mwa visababishi vya vifo vilivyojulikana kulikuwa na kushikwa mfululizo, kuzama majini na kuungua. Vifo vya namna hii hutokea pale kifafa kisipodhibitiwa, iwe ni kwa dawa kutofaa au kwa dawa kutokuwepo. Kuviandika kwenye hesabu ya imani peke yake ni kumwondolea lawama anayepaswa kuijaza stoo.

Msomaji makini atapinga: je, hakuna wanaoacha vidonge kwa sababu mganga amewakataza? Wapo. Lakini familia nyingi huenda kwa mganga na zahanati pia, na uamuzi wao una hesabu ndani yake. Mama anapanga nauli, anaacha palizi, anafika dirishani na kuambiwa, "Dawa hakuna, njoo wiki ijayo." Akirudi mara ya pili mikono mitupu, mtoto akaanguka tena njiani, mganga aliyeko jirani na asiyefunga dirisha anakuwa chaguo la busara. Tukiiita hali hiyo ushirikina, tunakosea utambuzi.

Ukosefu wenyewe una vyanzo vinavyojulikana. Fenobabitali ni rahisi mno kiasi kwamba biashara yake haina faida ya kuvutia. Isitoshe, imo katika Mkataba wa Kimataifa wa Dawa za Saikotropiki wa mwaka 1971, hivyo uagizaji wake huhitaji vibali na kumbukumbu zaidi ya dawa za kawaida. Udhibiti huo una nia njema, lakini mzigo wake humwangukia mgonjwa aliye mwisho wa barabara.

Wengine watasema tatizo ni ukosefu wa wataalamu na mashine. Kipimo cha umeme wa ubongo kina faida, lakini utambuzi wa kifafa husimama kwanza juu ya simulizi ya aliyeshuhudia. Muuguzi aliyefundishwa huuliza: kichwa kiligeukia upande gani? Macho yalikuwa wazi? Aliuma ulimi, alijikojolea? Alipozinduka alijua yuko wapi? Video ya simu ya jirani huweza kumsaidia kuliko maelezo marefu. Kliniki ya wilaya inaweza kuanza na hayo, na kuwapeleka juu wale tu ambao dalili zao hazieleweki au hawapati nafuu.

Ni kweli pia kwamba fenobabitali ina kasoro. Huleta usingizi, huweza kuwafanya baadhi ya watoto wakose utulivu, na hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango na vya kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa mpya zina nafasi yake, hasa kwa wanawake wanaotarajia kuzaa, kwani valproeti, dawa nyingine ya zamani ya kifafa, huweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini dawa mpya inayokatika haina ubora wowote juu ya kuukuu inayokatika.

Kinga nayo haiwezi kuachwa nje. Jilek-Aall alieleza watoto wa Mahenge waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena, hali iliyoonekana baadaye kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Hali hiyo inahusishwa na minyoo ya usubi. Namna minyoo hiyo inavyouathiri ubongo bado inajadiliwa, lakini utafiti wa Kameruni ulionyesha kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na vijiminyoo vingi, ndivyo uwezekano wa kupata kifafa baadaye ulivyoongezeka. Kaskazini mwa Uganda, wagonjwa wapya walipungua baada ya ugawaji wa dawa ya ivermektini na udhibiti wa inzi wa usubi. Kwingineko, kama Mbulu na Mbozi nchini Tanzania, adui ni tegu wa nguruwe. Anayemeza mayai yake kutokana na uchafu wa kinyesi cha binadamu huweza kupata mabuu ubongoni hata kama hajawahi kula nguruwe. Choo na zizi, basi, ni sehemu ya tiba ya neva.

Kutokana na hoja hizi, mpango wa kifafa wa wilaya upimwe kwa swali moja kabla ya mengine: ni siku ngapi mwaka huu dirisha la dawa lilikuwa tupu? Mgonjwa aliyetulia apewe dawa ya miezi miwili au mitatu, muuguzi wa zahanati aruhusiwe kuendeleza dozi, na waganga waombwe kuwaleta wagonjwa badala ya kutukanwa. Semina za kuelimisha jamii ziendelee, ila zifuate shehena ya dawa. Kumfundisha mtu kuiamini hospitali isiyo na kidonge ni kuichosha imani ambayo siku ya kuihitaji haitakuwepo.