Kisoma kadi kinapozimwa na kompyuta: jinsi ya kulitambua tatizo na kulirekebisha

Wakala wa forodha anaingiza kadi yake ya chipu asubuhi, anaandika namba ya siri na kutia saini ya kielektroniki kwenye nyaraka za lori la kwanza bila shida. Baada ya muda, nyaraka za lori la pili zikiwa tayari, kompyuta inadai kwamba haioni kadi wala kisoma kadi. Dereva anasubiri, na mwenye mzigo anapiga simu.

Kabla ya kununua kisoma kadi kipya, inafaa kukagua kwanza mipangilio ya umeme ya kompyuta. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila kompyuta imekilaza ili kuokoa nishati.

CHANZO CHA TATIZO

Kisoma kadi hakina betri. Hupata umeme kupitia tundu la USB, nacho huipatia chipu iliyo kwenye kadi. Kiwango cha USB 2.0 kinaruhusu kifaa kuchukua hadi miliampea 500 kikiwa kazini. Kikilazwa, hakipaswi kuzidi miliampea 2.5.

Windows hulaza vifaa vya USB vilivyokaa bila kazi. Kisoma kadi kizuri huamka chenyewe kinapohitajika. Vingine, hasa vyenye draiva ya zamani, haviamki mpaka vichomolewe na kuchomekwa tena.

Laptopu huwa na mipangilio miwili: ya kutumia umeme wa ukutani na ya kutumia betri. Ile ya betri kwa kawaida hubana zaidi. Ndiyo maana ofisi yenye umeme wa kukatika-katika inaweza kuona tatizo hili siku ya mgao tu.

JINSI YA KULITAMBUA

- Kisoma kadi hufanya kazi kompyuta inapowashwa, kisha hupotea baada ya kukaa bila kutumika.
- Tatizo huonekana laptopu ikiwa kwenye betri, au baada ya kompyuta kuamka kutoka usingizini.
- Ukikichomoa na kukichomeka tena, hurudi mara moja.

Ikiwa kinakatika hata katikati ya kazi, kagua waya, tundu la USB na draiva. Ikiwa kadi haisomeki hata kwenye kompyuta nyingine yenye kisoma kadi kizima, huenda kasoro iko kwenye kadi.

HATUA ZA KUREKEBISHA

Hatua hizi ni za Windows 10 na Windows 11, na zinahitaji akaunti ya msimamizi wa kompyuta.

1. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R. Andika devmgmt.msc kisha bonyeza Enter. Orodha ya vifaa itafunguka.

2. Tafuta kundi la visoma kadi, bofya mara mbili jina la kifaa chako, kisha fungua kichupo cha usimamizi wa umeme. Ondoa tiki kwenye kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme.

3. Katika kundi la vifaa vya USB, fanya hivyo hivyo kwa kila mstari wenye maneno USB Root Hub. Kwenye baadhi ya kompyuta mpya kichupo hiki hakionekani. Hapo nenda hatua ya 4.

4. Bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika powercfg.cpl. Fungua mpango wa umeme unaotumika, kisha mipangilio yake ya ndani. Chini ya USB, zima ulazaji wa vifaa kwa upande wa betri na kwa upande wa umeme wa ukutani. Kuzima upande mmja tu hakutoshi.

5. Anzisha kompyuta upya. Iache bila kazi kwa dakika 15, kisha jaribu kadi. Rudia jaribio hilo ukiwa kwenye betri.

6. Ikiwa bado, andika services.msc kwa njia ile ile. Tafuta huduma ya Smart Card na uianzishe upya. Tatizo likiendelea, weka draiva mpya ya mtengenezaji.

Baada ya hapo, tumia tundu lile lile la USB kila siku. Ukihamishia kisoma kadi tundu jingine, Windows inaweza kukihesabu kama kifaa kipya na kukirudishia mipangilio ya awali. Kagua tena pia baada ya masasisho makubwa ya Windows au mabadiliko ya draiva.

TAHADHARI KUHUSU NAMBA YA SIRI

Umeme ukikatika kwenye chipu, kadi husahau kwamba namba ya siri ilikwisha kuthibitishwa, hivyo huomba upya. Hilo halina maana kwamba namba imebadilika au ilikosewa. Baadhi ya watumiaji hudhani wamesahau namba na kuanza kubahatisha. Kadi nyingi hujifunga baada ya kukosea mara 3 mfululizo, na kuifungua huhitaji namba maalumu ya kufungulia au safari ya kurudi kwa aliyeitoa.

Kwa hiyo, kisoma kadi kikipotea, usiandike namba yoyote. Chomoa kifaa, kichomeke tena, subiri programu ikione, kisha andika namba ile ile uliyozoea, mara moja tu. Usichomoe kifaa wakati saini inaendelea kutiwa. Ikiwa kazi ilikatika katikati, hakikisha kwanza kama hati ilikwisha kupokelewa kabla ya kuituma upya.