Hekalu la mtaa nchini Japani

Ni nadra kupata mtaa au kijiji nchini Japani kisicho na hekalu la dini ya Shinto. Mahekalu hayo, yaitwayo jinja, hukadiriwa kuwa takriban 80,000, na mengi ni madogo: lango la torii, miti michache mikongwe na kijumba cha mbao anamoaminiwa kukaa ujigami, mungu mlinzi wa eneo hilo. Wakazi walio chini ya ulinzi wake huitwa ujiko. Hao ndio wanaofagia ua, kuchangia ukarabati na kuandaa tamasha ambapo machela ya mungu, mikoshi, hubebwa mabegani na kuzungushwa mitaani. Kasisi mara nyingi huwa mgeni tu, kwani mmoja huhudumia mahekalu kadhaa.

Mtoto hupelekwa huko akiwa na umri wa takriban mwezi mmoja, kisha mwezi wa Novemba akitimiza miaka 3, 5 au 7. Ajabu ni kwamba wengi wafanyao hivyo hawajiiti waumini wa dini yoyote. Kwao ni desturi ya ujirani. Na hapo ndipo sheria hutatizika.

Kuanzia mwaka wa 1906 serikali iliunganisha mahekalu na kufuta maelfu, licha ya upinzani mkali wa mwanasayansi Minakata Kumagusu, aliyetetea misitu yake. Ufadhili wa serikali ulikomeshwa Desemba 1945, na Katiba iliyoanza kutumika 1947 ikaharamisha kutumia mali ya umma kunufaisha taasisi za dini.

Hata hivyo, mjini Sunagawa, kisiwani Hokkaido, hekalu la Sorachibuto liliendelea kuwa ndani ya ukumbi wa mtaa, katika ardhi ya manispaa isiyotozwa kodi. Wakazi waliopinga hali hiyo walienda kortini. Mnamo Januari 20, 2010, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Katiba ilikuwa imekiukwa. Lakini majaji walikataa kuamini kuwa dawa ilikuwa kubomoa tu, kwani kufanya hivyo kungewanyima ujiko uhuru wao wa kuabudu. Mnamo 2012 mahakama hiyo iliidhinisha mpango mwingine: maandishi ya hekalu yaondolewe ukumbini, kijumba kihamishiwe karibu na torii, na ujiko wakodishiwe kipande hicho cha ardhi.