Namna ya Kuchagua na Kutumia Jiko la Kubanikia Samaki: Mwongozo kwa Wakazi wa Bonde la Kilombero

IFAKARA, Morogoro

Samaki aliyevuliwa alfajiri katika Mto Kilombero ana saa chache tu kabla ya joto la bonde kuanza kumharibu. Mahali ambapo barafu haipatikani, na hasa kati ya Desemba na Mei mvua zinapofanya jua lisitegemewe kwa kuanika, njia inayobaki ya kuokoa mazao ya mvuvi ni moto na moshi.

Kwa vizazi vingi, kaya za wavuvi katika wilaya za Kilombero, Malinyi na Ulanga zimebanika perege, kambale na kitoga juu ya vichanja vya miti vilivyosimamishwa juu ya moto ulio wazi. Njia hiyo haihitaji fedha za ujenzi, lakini gharama yake hulipwa kwa namna nyingine: kuni nyingi, samaki wanaoungua upande mmoja na kubaki wabichi upande wa pili, na moshi unaomwingia mbanikaji machoni na kifuani. Makala haya yanaeleza aina za majiko yanayofaa kujengwa nyumbani au katika mwalo, vigezo vya kuchagua, na hatua za kufuata ili samaki afike sokoni akiwa salama.

Kwa nini moto ufungiwe

Bonde la Kilombero ni ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2002 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar likiwa na eneo la hekta 796,735. Mto wake huchangia zaidi ya asilimia 60 ya maji ya Mto Rufiji, ambao hulisha Bwawa la Julius Nyerere. Miti inayokatwa kandokando ya mito na katika misitu ya miombo inayolizunguka bonde ni sehemu ya kinga ya maji hayo.

Serikali ilizindua Mei 8, 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kubanika samaki, hata hivyo, ni kazi ambayo bado huhitaji moto wa kuni na moshi wake. Hatua iliyo mikononi mwa mwananchi leo ni kupunguza kiasi cha kuni kinachotumika kwa kila kilo ya samaki.

Moto ulio wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pembeni na kwa upepo. Moto uliozungushiwa kuta hupeleka joto juu, waliko samaki. Badiliko hilo moja huleta faida tatu kwa pamoja: kuni hupungua, samaki huiva kwa usawa, na mbanikaji hukaa mbali na moshi. Faida ya afya si ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nishati za majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Wanaokaa karibu na moto kwa muda mrefu, wengi wao wanawake wakiwa na watoto wadogo, ndio walio hatarini zaidi.

Moshi hautoshi, ukavu ndio unaohifadhi

Wapo wanaoamini kuwa samaki akishakuwa mweusi, amekwisha kuhifadhiwa. Imani hiyo husababisha hasara nyingi. Rangi hutokana na moshi na masizi, lakini kinachozuia samaki kuoza ni kupungua kwa maji yaliyomo katika nyama yake.

Samaki mbichi huwa na maji yapatayo robo tatu ya uzito wake. Maji yakishuka hadi asilimia 25, bakteria wengi wanaoozesha hushindwa kuendelea kuzaliana. Yakishuka hadi asilimia 15, hata ukungu hauoti. Samaki aliyebanikwa kwa saa moja au mbili huwa ameiva, lakini bado ana maji ya asilimia 40 hadi 55, na hudumu siku moja hadi tatu tu. Samaki aliyekaushwa kwa saa 10 hadi 18 au zaidi, hadi maji yakafika asilimia 10 hadi 15, huweza kudumu miezi kadhaa akihifadhiwa vizuri.

Mizani ya kawaida inatosha kupima jambo hilo. Pima kilo 10 za samaki waliokwisha kuoshwa na kupasuliwa, uwaweke katika trei yenye alama. Uzito wao ukishuka hadi kilo 5, nusu ya uzito uliobaki bado ni maji, na samaki hao ni wa kuliwa au kuuzwa mara moja. Ukifika karibu kilo 3, samaki hao wamekauka vya kutosha kusafirishwa na kuhifadhiwa.

Aina za majiko

*Jiko la pipa.* Hutengenezwa kwa pipa la chuma la lita 200 lililokatwa mlango wa kuni chini na kuwekewa nyavu za chuma juu. Ni jepesi, huhamishika, na fundi mchomeleaji yeyote anaweza kulitengeneza. Hufaa kaya yenye samaki wachache kwa siku. Udhaifu wake ni kwamba chuma hupoteza joto haraka na huliwa na kutu, hasa likiachwa mvuani. Pipa lililowahi kubeba dawa za mimea, kemikali au mafuta machafu lisitumike kwa chakula.

*Jiko la Chorkor.* Jiko hili limepewa jina la Chorkor, mtaa wa wavuvi katika jiji la Accra nchini Ghana, na limeenea katika nchi nyingi za Afrika. Ni tanuri la mstatili lenye urefu wa takriban mita 2, upana wa zaidi kidogo ya mita 1 na kimo cha sentimita 60 hivi. Ukuta wa kati huligawa katika vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake wa kuni. Juu yake hupangwa trei za fremu za mbao zenye wavu wa chuma, moja juu ya nyingine, hadi zenyewe zikawa kama bomba linalopandisha joto na moshi. Kuta zinaweza kujengwa kwa matofali ya kuchoma au kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri, vitu vinavyopatikana karibu kila kijiji bondeni. Anayebanika huhamisha trei nzima badala ya kugeuza samaki mmoja mmoja.

*Jiko la FTT.* Liliendelezwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) pamoja na kituo cha mafunzo cha Thiaroye nchini Senegal. Huongeza juu ya muundo wa Chorkor tanuri la makaa, sinia la kukingia mafuta yanayodondoka na chumba cha pembeni cha kuzalishia moshi. Samaki huiva kwa joto la makaa kwanza, kisha hupewa moshi uliochujwa. Sinia lina umuhimu wake: mafuta ya samaki yakidondokea motoni huzalisha kemikali zinazoweza kusababisha saratani, mojawapo ikiwa benzopirini. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umeweka ukomo wa mikrogramu 2 za kemikali hiyo kwa kila kilo ya samaki wa moshi. Gharama ya jiko hili ni kubwa zaidi, hivyo linafaa kikundi au mfanyabiashara anayelenga masoko yenye masharti ya ubora.

Vigezo vya kuchagua

Swali la kwanza ni kiasi cha samaki kwa siku; bei ya jiko huja baadaye. Jiko kubwa linalowashwa kwa samaki wachache hula kuni bure, na jiko dogo linalojazwa kupita kiasi hutoa samaki wabichi katikati. Swali la pili ni muda ambao samaki anatakiwa kudumu: anayeuza Ifakara mjini siku hiyohiyo hahitaji ukaushaji sawa na anayesafirisha mzigo kwa treni ya TAZARA kwenda Mbeya au Dar es Salaam. Swali la tatu ni uthabiti wa mahali. Jiko la udongo lililojengwa katika eneo linalofurika huyeyuka katika masika ya kwanza. Linahitaji tuta la msingi, sehemu iliyoinuka na paa. Mahali ambapo makazi ya wavuvi ni ya muda, jiko la pipa hufaa zaidi.

Kuni na malighafi nyingine

Tumia kuni ngumu zilizokauka. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake yenyewe na kutoa moshi mzito wenye masizi. Matawi makavu yaliyopogolewa ya mwembe, magunzi ya mahindi na vifuu vya nazi hufaa. Pumba za mpunga, zinazorundikana kwenye mashine za kukoboa za Ifakara, zinaweza kunyunyizwa kidogo juu ya makaa ili kutoa moshi, lakini zisitegemewe kuwa moto mkuu. Epuka misonobari na miti mingine yenye utomvu, mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki, matairi na mafuta ya taa.

Hatua za kubanika

1. Chagua samaki wasioharibika. Moto hauwezi kumrudishia ubora samaki aliyekwisha kuoza.

2. Ondoa magamba, matumbo na matamvua, kisha osha kwa maji safi. Samaki wakubwa wapasuliwe mgongoni ili joto liingie. Kambale wadogo waweza kupindwa mviringo na kufungwa kwa kijiti.

3. Loweka kwa takriban nusu saa katika maji ya chumvi, gramu 500 hadi kilo 1 ya chumvi kwa lita 10 za maji, kisha wachuje maji na uwaache wakauke juujuu.

4. Panga samaki wa ukubwa unaolingana katika trei moja, wasigusane.

5. Anza kwa moto mdogo kwa nusu saa hadi saa moja. Moto mkali mwanzoni hukaza ngozi na kufungia maji ndani.

6. Ongeza joto kwa saa moja hadi mbili mpaka samaki waive. Dalili ni nyama kujitenga na mfupa kwa urahisi na kutokuwa na damu karibu na uti wa mgongo.

7. Punguza moto, ubaki na makaa na moshi mwepesi, na endelea kukausha kwa saa zinazohitajika. Ndimi za moto zisiwaguse samaki wakati wowote.

8. Badilisha nafasi za trei kila baada ya saa moja au mbili, ya chini ipande juu na ya juu ishuke.

Kambale wanene na samaki wengine wenye mafuta mengi huchukua muda mrefu zaidi na mafuta yao huchacha mapema. Ni vyema wauzwe kwanza.

Kuhifadhi na kusafirisha

Samaki wapoe kabisa kabla ya kufungwa. Wakifungwa wakiwa na joto, mvuke hugeuka maji na ukungu huanza. Matenga yaliyotandikwa karatasi safi hufaa kuliko viroba vya plastiki visivyopitisha hewa. Weka mzigo juu ya kichanja, mbali na sakafu na ukuta, na uwarudishe samaki jikoni kwa saa chache endapo hewa ya masika imewalainisha. Joto hilo pia huua mabuu ya wadudu wanaotoboa samaki wakavu. Kuwapulizia samaki dawa za kuua wadudu ni kumwekea mlaji sumu sahani mwake, na hakukubaliki kwa sababu yoyote.

Usalama wa mbanikaji

Jenga jiko mbali na nyumba za nyasi na maghala, na uchunguze upepo huvuma kutoka wapi. Katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, weka ndoo ya maji au mchanga karibu, na usiache moto bila mwangalizi. Makaa yasiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, kwa kuwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Kubanika hukesha, na usiku wa Kilombero una mbu. Moshi wa jiko si kinga ya malaria. Anayekesha avae nguo ndefu, na wanaopokezana zamu walale ndani ya chandarua.

Taratibu na ushauri

Shughuli za uvuvi na biashara ya mazao yake husimamiwa kwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009. Mwananchi anayekusudia kubanika samaki kwa ajili ya biashara anashauriwa kuonana na Afisa Uvuvi wa halmashauri yake, iwe ya Mji wa Ifakara, Mlimba, Malinyi au Ulanga, kuhusu leseni na maeneo yanayoruhusiwa. Usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mafunzo ya uchakataji wa samaki hutolewa na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA).

Kaya ambayo haina uwezo wa kujenga tanuri leo inaweza kuanza kwa kuzungushia moto wake ukuta wa udongo wa kichuguu pande tatu, kuacha mlango mmoja wa kuni na kuweka trei badala ya miti. Tofauti itaonekana kwanza katika lundo la kuni, kisha katika uzito na ubora wa samaki wanaofika sokoni.