Amri iliyokufa: syncdb na safari ya Django

Leo nina historia kidogo, maana kuna kosa lililonipotezea usiku mzima nikiwa chuoni na bado naona wengine wakilirudia.

Nilikuwa nimepakua mafunzo ya Django kwa bando la kuungaunga, nikayaweka kwenye flashi. Yakasema andika python manage.py syncdb. Nikaandika. Kompyuta ikajibu haiijui amri hiyo. Nikafuta kila kitu na kusakinisha upya, mara tatu! Nilidhani mjinga ni mimi. Kumbe amri yenyewe ilishazikwa.

Turudi nyuma. Django ilianza 2003 kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas, Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakijenga tovuti za gazeti, na gazeti halina subira: ukurasa unatakiwa leo, si wiki ijayo. Ndiyo maana Django ina ile sehemu ya admin, ambapo mwandishi asiyejua kodi anaingiza habari mwenyewe. Ilitolewa kwa umma Julai 2005, ikiwa na jina la mpiga gitaa Django Reinhardt.

Sasa hii syncdb. Kazi yake ilikuwa kusoma modeli zako na kuunda majedwali kwenye hifadhidata. Lakini iliunda yale tu ambayo hayakuwepo. Tuseme una jedwali la wateja, bosi anakuja kusema ongeza namba ya simu. syncdb inapita kimya kana kwamba hujabadilisha lolote. Unabaki na njia mbili: uandike ALTER TABLE kwa mkono, au ulifute jedwali na kila kilichomo. Kwenye kompyuta yako si neno. Kwenye mfumo wenye wateja halisi ni balaa.

Mwaka 2008 Andrew Godwin akatoa South, programu ya pembeni iliyohifadhi kila badiliko kwenye faili lake, ili mabadiliko yafuatane kwa mpangilio na hata yarudishwe nyuma. Watu wakaipenda. Mwaka 2013 akaomba pauni 2,500 kupitia Kickstarter ili aingize kazi hiyo ndani ya Django yenyewe. Zikachangwa zaidi ya 17,000! Kwa programu ya bure, jamani. Hapo ndipo unajua watu walikuwa wameteseka.

Matunda yake yalikuja na Django 1.7, Septemba 2014: makemigrations inaandika badiliko, migrate inalitekeleza. syncdb ikaondolewa kabisa kwenye 1.9, Desemba 2015.

Amri ilikufa, mafunzo yake hayakufa. Yale niliyopakua hayakuwa hata na tarehe juu. Kwa hiyo kabla ya kufuata mafunzo yoyote, andika python -m django --version uone toleo ulilo nalo. Kisha nenda kwenye nyaraka rasmi, uchague toleo hilohilo, uanze na yale mafunzo ya kujenga programu ya kura. Mimi naona bado hakuna mwanzo bora. Nyaraka zote zinapakuliwa kama PDF au ePub, kwa hiyo bando likiisha unaendelea kusoma.

Ukiona syncdb mahali, funga ukurasa huo, ukalale.