Carrera RS ya Mwaka 1973: Gari, Nambari na Ushahidi

Mwezi Oktoba mwaka 1972, katika maonyesho ya magari ya mjini Paris, kampuni ya Porsche ya iliyokuwa Ujerumani Magharibi ilizindua gari la milango miwili ambalo wauzaji wake wenyewe walikuwa na wasiwasi nalo. Juu ya boneti ya nyuma palikuwa na bawa lililobinuka mfano wa mkia wa bata, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa gari la kuuzwa kwa raia, na ubavuni liliandikwa neno Carrera. Kampuni ilihitaji kuuza magari 500 tu. Idara ya mauzo ilihofia kwamba hata hayo 500 yangekosa wanunuzi.

Leo, zaidi ya nusu karne baadaye, wasiwasi umegeuka sura. Wanunuzi wapo tele, na gari moja limewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1 za Kimarekani. Linalowanyima usingizi ni jambo jingine: gari linaloonekana mbele ya macho yao kuwa Carrera RS, je, kweli ni Carrera RS? Katika makala yetu ya historia hii leo tunaitazama safari ya gari hilo, kutoka kiwandani Stuttgart, kupitia barabara za Afrika Mashariki, hadi mikononi mwa wachunguzi wa vitu vya kale.

Msikilizaji, ili kulielewa gari hili yafaa kuanza na kanuni za mashindano. Mwaka 1970 na mwaka 1971 Porsche ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa kwa gari lake aina ya 917, lililokuwa na nguvu za kutisha. Kuanzia mwaka 1972 kanuni za ubingwa wa dunia zilibadilishwa, na ukubwa wa injini ukawekewa kikomo cha lita 3. Gari la 917 likakosa nafasi katika ubingwa huo. Ernst Fuhrmann, mhandisi aliyekuja kuiongoza kampuni wakati huo, aliamua kurudi mashindanoni kwa gari lililokuwa likiuzwa kwa watu wa kawaida, yaani Porsche 911, ambalo umma ulilishuhudia kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963.

Hata hivyo, kanuni zilikuwa na sharti lake. Ili gari liruhusiwe kushindana katika kundi la magari maalumu ya michezo, ilibidi kwanza yaundwe magari 500 ya namna hiyo na kuuzwa. Ndiyo kusema, Carrera RS halikuzaliwa kwa sababu wateja walilitaka. Lilizaliwa kwa sababu kitabu cha kanuni kililidai. Herufi RS ni kifupi cha neno la Kijerumani Rennsport, maana yake mashindano ya mbio, na jina Carrera lilitokana na mbio za Carrera Panamericana za nchini Mexico.

Wahandisi walikuwa na kazi mbili: kupunguza uzito na kuongeza nguvu. Injini ilitanuliwa kutoka lita 2.4 hadi lita 2.7, ikatoa nguvu farasi 210. Bati la baadhi ya sehemu za bodi lilifanywa jembamba, na vioo vikafanywa vyepesi. Aliyeagiza gari la aina ya Sport alipata gari lisilo na viti vya nyuma, lisilo na saa, lisilo na pa kuegemeza mkono wala pa kutundika koti. Uzito wake ukashuka hadi kilo 960, na liliweza kutoka hali ya kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika muda wa sekunde 5.8.

Ama ule mkia wa bata, haukuwa pambo. Gari la 911 lilipokwenda kasi sana, upepo uliokuwa ukipita juu ya paa lenye mteremko uliinua sehemu ya nyuma, na magurudumu yakapungukiwa na mshiko barabarani. Miongoni mwa walioshughulikia tatizo hilo ni wahandisi Tilman Brodbeck na Hermann Burst. Bawa dogo walilolibuni liliukata upepo huo na kuituliza nyuma ya gari, na mwezi Agosti mwaka 1972 kampuni ikaomba hataza ya ubunifu huo.

Wasiwasi wa idara ya mauzo haukudumu. Magari 500 ya mwanzo yaliuzwa yakaisha kabla ya mwaka 1972 kumalizika, na kiwanda kikalazimika kuendelea kuunda mengine. Hadi uundaji ulipokoma mwaka 1973, idadi ilikuwa imefika 1,580. Kati ya hayo, 200 yalikuwa ya aina nyepesi ya Sport, 1,308 ya aina ya Touring iliyokuwa na starehe zaidi, 55 ya mashindano yaliyoitwa RSR, na 17 yalibaki katika umbo la msingi lililotumika kuthibitisha sifa za gari mbele ya wasimamizi wa mashindano. Mwezi Februari mwaka 1973, Peter Gregg na Hurley Haywood walishinda kwa RSR mbio za saa 24 za Daytona nchini Marekani. Mwezi Mei mwaka huo huo, Herbert Müller na Gijs van Lennep wakashinda mbio za Targa Florio katika kisiwa cha Sicily.

Na huku kwetu Afrika Mashariki nako gari hilo halikuwa geni. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa zikihesabiwa kuwa mtihani mgumu kuliko yote kwa gari lolote. Porsche ilizitamani mno. Mwaka 1972 Sobieslaw Zasada wa Poland alishika nafasi ya pili kwa gari la 911. Mwaka 1973 kampuni ilileta Carrera RS, moja likiendeshwa na Zasada na jingine na Björn Waldegård wa Sweden, lakini hakuna hata moja lililofika mwisho. Ushindi ulikwenda kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa katika Datsun 240Z. Mwaka 1974 Waldegård alirudi na Carrera RS akamaliza wa pili, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya katika Mitsubishi Colt Lancer. Mwaka 1978 kampuni ilijaribu tena kwa gari jipya zaidi la 911, na Vic Preston Mdogo wa Kenya akawa wa pili. Hivyo Safari ikabaki kuwa taji ambalo magari ya kiwanda cha Stuttgart yalilikaribia mara kwa mara bila ya kulivaa.

Sasa tugeukie suala la uhalisi. Umbo la bodi la Porsche 911 halikubadilika sana kutoka mwaka 1963 hadi mwaka 1989. Kwa hiyo fundi hodari anaweza kulichukua gari la kawaida la 911, akalitanua sehemu za magurudumu ya nyuma, akalifunga mkia wa bata, akalipaka rangi nyeupe na kuandika Carrera ubavuni kwa rangi ya kijani au nyekundu. Kwa mpita njia, hilo ni Carrera RS. Kufanya hivyo si kosa ikiwa mwenye gari anasema wazi kwamba ni gari la kuiga; wapo wanaoyafurahia magari ya namna hiyo bila ya kumdanganya mtu. Kosa huanza pale gari hilo linapopewa jina lisilo lake na kupelekwa sokoni. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Ndiyo maana mchunguzi hashughuliki kwanza na rangi wala mng'aro. Huanza na nambari ya chesisi. Nambari za Carrera RS zinaanza na tarakimu 911360. Tarakimu tatu za mwanzo ni jina la aina ya gari. 3 ni modeli ya mwaka 1973. 6 ni aina ya injini. Na 0 yaonyesha kwamba ni gari lenye paa lisilofunguka. Kisha huangalia injini, ambayo aina yake ni 911/83, na kulinganisha nambari yake na kumbukumbu za kiwanda. Baada ya hapo hushuka chini ya gari kutazama unene wa bati, alama za kuchomelea na namna tarakimu zilivyogongwa kwenye chuma.

Lakini hapa pana mtego. Hati kutoka kiwandani hueleza gari lilivyozaliwa: rangi yake, vifaa vyake, na nambari zake. Haielezi maisha lililoishi baadaye, wala haithibitishi kwamba chuma kilichopo mbele yako ndicho kile kilichotoka Stuttgart mwaka 1973. Zipo hila za kuchukua nambari ya gari lililoharibika kabisa katika ajali na kuipandikiza kwenye bodi nyingine. Tena hutokea kwamba mabaki ya lile gari la kwanza nayo yafufuliwe na mtu mwingine, na hatimaye magari mawili yakadai jina moja. Basi karatasi peke yake haitoshi, na chuma peke yake hakitoshi. Ushahidi wa kweli ni pale viwili hivyo vinapokubaliana, na katikati yake pakawa na mfuatano wa wamiliki, picha za zamani na risiti za mafundi.

Hata palipo na uaminifu, maswali hayaishi. Chukua mfano wa mpinzani mkubwa wa Porsche wa enzi hizo, BMW 3.0 CSL, gari jingine la milango miwili lililopunguzwa uzito kwa ajili ya mashindano. Mwaka 1973 BMW iliyatengenezea baadhi ya magari hayo mabawa makubwa ya nyuma, ila sheria za Ujerumani hazikuyaruhusu barabarani. Kiwanda kikayaweka mabawa hayo ndani ya buti, mteja akayafunge mwenyewe. Je, gari halisi ni lile lenye bawa juu ya mgongo, au ni lile ambalo bawa lake halijawahi kutoka kwenye buti?

Swali la magari yaliyoshindana ni zito zaidi. Gari la mbio hubadilishwa injini, milango na hata sehemu za bodi, wakati mwingine katika usiku mmoja. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikabiliwa na shauri la gari la kale la mashindano aina ya Bentley, ambalo sehemu zake nyingi za mwanzo zilikuwa zimekwisha kubadilishwa. Mnunuzi alidai kwamba halikuwa tena gari lile alilouziwa kwa jina lake maarufu. Jaji aliamua kwamba ni lile lile, kwa kuwa maisha yake hayakukatika: lilibadilika hatua kwa hatua, na hapakuwa na wakati ambapo lilikoma kuwapo kisha likazaliwa jingine.

Fikra kama hiyo imo pia katika Mkataba wa Turin, ulioidhinishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale. Mkataba huo unasisitiza kuhifadhi kabla ya kutengeneza upya, na unataka kila badiliko liwekewe kumbukumbu. Maana yake ni kwamba mwenye gari lililowahi kukimbia katika Safari asiharakishe kunyoosha kila palipobonyea na kufuta kila alama. Alama za mawe chini ya sakafu, na kiraka kilichochomelewa na fundi aliyekuwa akishindana na saa, navyo ni maandishi ya historia. Akivifuta ili gari ling'ae kama siku lilipotoka kiwandani, atakuwa amepata gari zuri zaidi na amepoteza shahidi.

Kwa msikilizaji anayeishi Muscat, London au Minneapolis, na ambaye huenda siku moja akasimama mbele ya gari la namna hii, somo ni jepesi kulisema na gumu kulifuata. Gari lililobadilishwa injini, ambalo mwenyewe anakuambia ni lini, wapi na kwa nini, ni la kuaminika kuliko lile linalodaiwa kuwa kamilifu na halina hata risiti moja. Kiwanda kiliunda magari 1,580, na kila moja lilipewa nambari yake peke yake. Nambari hiyo ikionekana mahali pawili kwa wakati mmoja, mmoja wa wenye magari hayo amedanganywa, na pengine bado hajajua.