Mwendawazimu, Askari na Simu katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Neno wazimu lina nasaba moja na mizimu, nalo lachukua imani ya kale kwamba mtu aliyerukwa na akili ameingiliwa na nguvu iliyo nje yake. Mgonjwa wa akili ni jina la baadaye. Lamtoa mtu huyo mikononi mwa mizimu na kumtia mikononi mwa tabibu. Walakini katika Shinyanga, na katika nchi ya dhahabu ya Geita, tabibu wa namna hiyo amekuwa mbali kwa muda wa karne nzima, na mara nyingi afikaye kwanza penye ghasia ni mlinzi wa amani. Jina atakalompa mtu yule saa ile, mlevi, mhalifu, mchawi au mgonjwa, ndilo liamualo njia atakayopelekwa.

Katika mwaka 1904 wamisioni wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Waingereza nao wakajenga Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, Shinyanga ilipata njia ya gari moshi; hata hivyo msafiri wa Dodoma alilazimika kuzunguka kwa Tabora. Umbali huo umeacha alama katika lugha, kwani Mirembe, jina la hospitali, limekuwa tusi la kumwambia mtu kwamba hana akili. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, ilisogeza matibabu karibu. Lakini kati ya Mwanza na machimbo ya ndani ya Geita pana ziwa na njia ndefu.

Ulinzi, kwa upande wake, ulikuwa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe uliwafanya Wasukuma na Wanyamwezi wa Kahama na Shinyanga kuunda Sungusungu, walioitwa kwa jina la chungu weusi waumao. Mwano ulipopigwa, kijiji kizima kilitoka, na sheria ya mwaka 1989 ikawapa walinzi hao uwezo wa kukamata. Basi kilio cha mwizi kilipata jibu la upesi. Kilio cha jamaa za mgonjwa kiliitikiwa na watu wale wale, wenye kamba na marungu, nao hawakufundishwa lolote juu ya maradhi. Katika nchi ambamo vikongwe wenye macho mekundu wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, jina baya laweza kuwa hukumu ya kifo.

Dhahabu iliongeza utata. Mgodi wa Geita wa zama za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Lakini pembeni yake wachimbaji wadogo, kama wale wa Rwamagasa na Nyarugusu, wamekuwa wakiikamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma. Mvuke wa zebaki hudhuru ubongo: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mwendo huyumba, hasira huja bila sababu. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu apayuke. Askari amwonaye mtu wa hali hiyo usiku, karibu na kilabu cha pombe, atamwita mlevi na kumfungia mahabusu, hali kumbe kila saa ipitayo yamkaribisha na mauti.

Hapo ndipo tiba mtandao ipatapo maana yake. Jambo lenyewe si geni: matabibu wa akili wa Nebraska, Marekani, walianza kutibu kwa televisheni ya pande mbili mwaka 1959, na mwaka 1964 wakaunganishwa na hospitali ya Norfolk, maili 112 mbali. Mwishoni mwa mwaka 2017 askari wa Harris County, Texas, walianza kumwonyesha daktari mgonjwa kwa chombo cha mkononi; South Dakota, nchi ya mashamba na masafa, ikafuata mwaka 2020.

Shinyanga yenyewe imekwisha kuona mfano wa karibu zaidi. Kwa mpango wa m-mama, uliojaribiwa huko na Sengerema kabla ya kuenea nchini, jamaa ya mzazi hupiga 115. Mpokeaji huuliza dalili, hupima hatari, na kama gari la wagonjwa halipo humwita dereva wa kijijini. Mpango huo ulithibitisha kwamba swali sahihi laweza kutangulia gari. Askari naye aweza kuulizwa vivyo hivyo: mtu huyu ana homa? amechoma zebaki? amelala lini?

Simu haileti kitanda wala dawa, na mgonjwa asemaye Kisukuma huhitaji mkalimani ambaye si mshitaki wake. Lakini yaweza kumpa mgonjwa haki moja aliyoikosa tangu siku za Lutindi: kutajwa jina na mwenye kuyajua maradhi, kabla ya pingu kufungwa.